UKURASA WA UFUNDI: Diski Iliyonyamaza



Ndugu wasomaji, katika toleo lililopita niliahidi kwamba safari hii tungeendelea na somo letu la namna ya kuchagua kompyuta kwa ajili ya watoto wa skuli. Naomba radhi kwa kuliweka somo hilo kando. Limezuka jambo katika familia yetu ambalo kwa muda wa wiki tano limenishughulisha usiku na mchana, nami nimeona ni afadhali niliandike lingali bichi, kwani karibu kila nyumba ninayoijua miongoni mwetu ina kijisanduku cha namna hii, kimewekwa katika mtoto wa meza pamoja na pasipoti na vyeti vya kuzaliwa, na hapana anayekifikiria mpaka siku kinapokataa kufunguka.

Nakusudia ile diski ya nje, yenye ukubwa wa kitabu kidogo cha dua, inayounganishwa na kompyuta kwa waya wa USB, ambamo tumerundika picha za harusi, video za maulidi, barua za uhamiaji na kila kitu tusichotaka kipotee. Tumeikabidhi amana zetu zote, na aghalabu amana hizo hazipo mahali pengine popote.

Mama yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa kalamu. Katika miaka ya 1980, wakati simu ya kutoka Unguja kuja London ilipokuwa ghali na yenye taabu kuipata, yeye alikuwa akitupelekea kaseti. Alikaa barazani, akabonyeza kitufe cha redio-kaseti, akazungumza mpaka upande mmoja ukamalizika: nani kaoa, nani kafariki, mkarafuu gani umeanguka, na wewe mwanangu unavaa sweta au huvai. Nyuma yake utasikia jogoo, na mara nyingine muadhini. Zilikuwa kaseti kumi na nne kwa jumla. Mwaka 2009 mpwa wangu alizihamisha zote katika kompyuta, kazi iliyomchukua likizo nzima, kisha akazitia katika diski ya mama yake, yaani dada yangu mkubwa. Kaseti zenyewe ziliingia unyevu katika banda la bustanini, na dada alipohama nyumba mwaka 2013 zikatupwa. Hakuna aliyesikitika, kwa sababu "zote zimo katika diski". Kila mmoja wetu alidhani mwenziwe anayo nakala. Hapana aliyekuwa nayo.

Siku ya pili ya Idi tulikutana kwa dada, na watoto wakataka kumsikia bibi yao. Diski ikaunganishwa. Taa ikawaka, majina ya mafolda yakatokea pole pole mno, moja baada ya jingine, kisha kompyuta ikaganda. Ikatoa ilani kwamba diski ina hitilafu, na ikauliza kama tunapenda iichunguze na kuitengeneza. Na hapa ndipo mimi, ninayekuandikieni ukurasa huu wa ufundi kila mwezi, nilipofanya kosa ambalo ningemkemea mtu mwengine yeyote kwa kulifanya. Nilikubali. Nikaiacha kompyuta ikiitengeneza diski usiku kucha, nikaenda zangu kulala. Asubuhi majina ya mafolda hayakuwapo tena. Kompyuta ikawa inasema kwamba diski lazima ifomatiwe kabla ya kutumiwa, na ndani ya kijisanduku ukawa unasikika mgongo mdogo wa mpango maalumu: tak, tak, tak, kimya. Tak, tak, tak, kimya.

Ili msomaji afahamu kosa lenyewe ni nini, hana budi kujua kilichomo ndani ya kasha lile. Mna sahani moja au zaidi, nyororo kama kioo, zilizopakwa utando mwembamba wa sumaku. Katika diski nyingi za mkononi sahani hizo huzunguka mara 5,400 kwa kila dakika. Juu ya kila uso wa sahani huelea kichwa cha kusomea, kilichofungwa katika ncha ya mkono mdogo kama sindano ya gramafoni, isipokuwa kwamba hiki hakigusi kabisa. Huelea juu ya upepo unaoletwa na mzunguko wenyewe, katika nafasi iliyo nyembamba kuliko unywele wa binadamu kwa maelfu ya mara. Kampuni ya IBM ilipotoa mashine ya kwanza ya aina hii mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50 zenye upana wa inchi 24 kila moja, uzito wake ulikaribia tani moja, na yote iliyoweza kuhifadhi ni herufi kama milioni 5, yaani picha moja au mbili za simu ya siku hizi. Leo tunaitia mfukoni, na tunaiangusha juu ya saruji.

Diski inapougua, basi, ugonjwa huweza kuwa katika mahali panne. Huweza kuwa nje kabisa, katika waya, umeme au kasha. Huweza kuwa katika kibao cha umeme cha diski yenyewe. Huweza kuwa katika vichwa au sahani. Na huweza kuwa katika daftari tu: kila diski ina sehemu yake inayoorodhesha kila faili limewekwa wapi, na daftari hilo likichafuka, mafaili yapo salama lakini hayapatikani, kama maktaba iliyounguliwa fihiristi yake. Sehemu kubwa ya misiba ninayoletewa hutokana na mtu kutibu ugonjwa mmoja kwa dawa ya mwengine. Programu ya kutengeneza hitilafu, niliyoiruhusu mimi usiku ule, ni dawa ya daftari. Diski yetu ilikuwa mgonjwa wa vichwa. Programu ile ilivilazimisha vichwa vilivyochoka kupita juu ya sahani kwa saa nyingi, na juu ya hayo ikaandika upya daftari kwa mujibu wa kile kidogo ilichoweza kusoma.

Kwa hiyo kanuni iliyo juu ya zote ni hii: diski iliyoanza kuugua haiandikwi kitu, wala haitengenezwi, mpaka kwanza vilivyomo vimenakiliwa mahali pengine. Ikiwa kompyuta inauliza kama ifomati, jibu ni hapana. Ikiwa inauliza kama itengeneze, jibu ni hapana. Na ikiwa kidude kinatoa sauti ya kugonga, ya kukwaruza, au ya kulia "tiii" kama simu iliyokatika, kizimwe saa ile ile na kisiwashwe tena hata kwa kujaribu. Mlio wa "tiii" katika diski ndogo mara nyingi ni wa mota inayotaka kuzunguka ikashindwa, ama kwa umeme mdogo ama kwa vichwa kunata juu ya sahani. Mgongo wa kurudia ni wa vichwa vinavyotafuta alama za njia juu ya sahani na visizione. Kila dakika ya mgongo huo yaweza kuparuza utando wa sumaku, na palipoparuzwa hapana fundi duniani awezaye kuparudisha.

Lakini msitishike mapema, kwani panapokuwa hapana sauti mbaya, ugonjwa mara nyingi ni wa nje na tiba yake ni rahisi. Majuzi tu mzee mmoja wa jamaa zetu aliniletea diski "iliyokufa" ambayo haikuwa na ila yoyote isipokuwa waya. Anzeni hapo. Nyaya za diski hizi, khasa zile zenye kichwa kipana chenye sehemu mbili, hulegea haraka kwa kuchomekwa na kuchomolewa. Azimeni waya mwengine wa aina ile ile. Kisha badilisheni tundu. Diski ya mkononi hunywa umeme wake kutoka katika kompyuta. Tundu la USB la zamani hutoa miliampia 500, na lile la USB 3.0, ambalo aghalabu huwa la buluu kwa ndani, hutoa 900. Mota inapoanza kuzunguka ndipo inapohitaji umeme mwingi kuliko wakati wowote, na tundu dhaifu, au kile kigawio chenye matundu mengi tunachokitundika mezani, hakiutimizi. Ichomekeni moja kwa moja katika kompyuta, na ikiwa ni kompyuta ya mezani tumieni matundu ya nyuma.

Zile diski kubwa zenye adapta yao ya ukutani zina maradhi yao ya peke yake. Hizo hutaka volti 12, na nyumba zetu zimejaa adapta za kompyuta za volti 19 ambazo kichwa chake hufanana. Mtu huchomeka ya karibu, panasikika "pa", na diski imezimika. Hata hivyo si mwisho wa mambo. Katika kibao cha diski nyingi za namna hiyo mna vijidude vidogo vya kinga vilivyowekwa ili vijitoe mhanga umeme unapozidi, na fundi wa umeme mwenye mkono mzuri aweza kukiondoa kilichoungua na diski ikaamka kwa muda wa kutosha kunakili vilivyomo. Andikeni juu ya adapta kwa wino mzito ni ya kidude gani. Mimi huandika kwa rangi ya kucha ya mke wangu, ambayo haifutiki.

Waya na umeme vikiwa salama, tazameni kama kompyuta inaitambua diski hata kama haiifungui. Katika Windows sehemu hiyo huitwa Disk Management, na katika kompyuta za Apple huitwa Disk Utility. Ikiwa diski inatajwa hapo na ukubwa wake kamili, ni bishara njema: kibao ki hai na sahani zinazunguka. Huenda ikawa imekosa tu herufi yake, jambo la kurekebishwa mara moja. Ikiwa imetajwa kwa ukubwa wake lakini kompyuta haijui ina mpangilio gani, ugonjwa yamkini ni wa daftari. Ikiwa imetajwa kwa ukubwa wa sifuri, au haitajwi kabisa ingawa waya ni mzima, basi tumeshafika kwa fundi.

Wengi huniuliza kama waweza kuitoa diski katika kasha lake na kuitia katika kasha jingine. Kwa zile kubwa mara nyingi inawezekana, na mara nyingi husaidia, kwa kuwa kinachokufa ni kile kibao kidogo cha kasha kinachotafsiri lugha ya USB. Lakini diski nyingi ndogo za siku hizi zimeundwa tundu lao la USB juu ya kibao cha diski yenyewe, kwa hivyo ndani hapana cha kuhamisha. Na zipo ambazo kasha lake huyafunga maandishi yote kwa siri hata kama mwenyewe hakuweka neno la siri maishani mwake. Ukiitoa diski hiyo ukaiweka kwengine, utaona upuuzi mtupu na utadhani imefutika. Kasha la zamani lisitupwe.

Sasa kuhusu kunakili. Diski inayozunguka kimya lakini inasoma kwa shida, msiivute faili baada ya faili kwa njia ya kawaida, kwani kompyuta ikifika mahali pabovu husimama pale pale ikigonga mlango usiofunguka, nayo diski inazidi kuchoka. Ipo programu ya bure iitwayo GNU ddrescue, iliyotungwa na Antonio Diaz Diaz, ambayo mwendo wake ni wa busara kuliko wa wengi wetu. Hupita kwanza ikachukua kila kinachosomeka kwa urahisi, ikiruka mahali pabovu. Kisha, vilivyo vyepesi vikishakuwa salama, ndipo inaporudi kwa yale magumu. Huandika katika faili dogo ramani ya ilipofika, hata umeme ukikatika huendelea pale pale. Hutumika zaidi katika Linux, na kijana yeyote wa chuo anayesoma kompyuta aweza kuitia katika kijiti cha USB akaiendesha. Kinachotakiwa ni diski mpya iliyo kubwa kuliko ile mgonjwa, na uangalifu mkubwa wa kujua ipi ni ipi, kwani mwenye kuzigeuza ataiandika diski nzima kwa yaliyo katika tupu.

Nakala ikishapatikana, diski mgonjwa huwekwa kando, na kazi yote hufanywa juu ya nakala. Programu ya TestDisk, ya Christophe Grenier, hutafuta daftari lililopotea na kulisimamisha tena. Hii ikifaulu, mafolda hurudi na majina yake. Ikishindwa, mwenziwe PhotoRec hupekua diski nzima ikitambua kila faili kwa umbo la mwanzo wake: hii ni picha, hii ni sauti, hii ni barua. Hizo zote ni za bure pia. Ila PhotoRec hairejeshi majina wala mafolda. Utapata maelfu ya picha zenye nambari badala ya majina, na harusi ya mwanao imechanganyika na matangazo ya duka uliyowahi kuyafungua. Ni kazi ya jioni nyingi, lakini ni afadhali kuliko kukosa.

Niseme machache juu ya dawa za kienyeji. Mpwa wangu alitaka kuitia diski ndani ya friza, kama alivyosikia. Habari hiyo imezunguka miaka mingi, na imeua diski nyingi: baridi huleta umande, na umande juu ya sahani inayozunguka ni msiba. Mwengine akanunua kibao kutoka katika diski ya aina ile ile ili akibadilishe. Miaka ya nyuma sana hilo liliwezekana; leo kila kibao kina vipimo vya diski yake peke yake katika kijidude cha kumbukumbu, na kibao cha mwenziwe hakifai mpaka kijidude hicho kihamishwe nacho. Na duka moja la mtaani, nilipowaonyesha diski yetu, kijana alishika bisibisi akataka kuifungua juu ya kaunta, karibu na mtu anayekula chipsi. Niliichukua nikatoka. Diski hufunguliwa katika chumba kilichochujwa hewa tu. Chembe moja ya vumbi, kwa kichwa kinachoelea karibu namna ile, ni mwamba baharini.

Tukaamua, basi, kuipeleka kwa wataalamu. Na hapa likazuka jambo ambalo sikulitarajia, nami nalieleza kirefu kwa sababu nadhani litazikuta nyumba nyingine.

Katika diski ile ile zilikuwamo picha na video za arusi ya binti wa dada, pamoja na sherehe ya wanawake ya usiku wa kuamkia. Mnafahamu sherehe hizo zilivyo: wanawake wamo peke yao, hawakujistiri, wanacheza, na walikubali kupigwa picha kwa ahadi kwamba hazitatoka nje ya mikono ya bi arusi. Dada alipofahamu kwamba mafundi wasiojulikana watazifungua faili ili kuhakikisha zimepona, alisema bila kusita, "Afadhali zipotee zote. Wale wanawake waliniamini."

"Na sauti ya mama?" nikamwuliza.

Hakunijibu siku ile. Diski ilikaa kabatini siku kumi na moja.

Nilichofanya katika siku hizo ni kupiga simu kwa watengenezaji watatu na kuwauliza kwa ufasaha, na nimejifunza kwamba maswali haya yana majibu, mradi yaulizwe kabla diski haijaondoka mkononi mwako. Niliuliza: ni nani atakayeona mafaili? Je, mwaweza kuthibitisha kazi yenu kwa kufungua mafaili ya sauti peke yake, na picha mkazihesabu bila ya kuzifungua? Nakala mnayoitengeneza mtaiweka muda gani, na mtanithibitishia kwa maandishi kwamba imefutwa? Mtanirudishia diski ya zamani? Vilivyopona vitaletwa katika diski iliyofungwa kwa siri, na neno la kuifungulia likaja kwa njia nyingine? Wa kwanza alicheka. Wa pili alisema kwamba wao hufungua wapendavyo. Wa tatu alisema kwamba wateja wake ni mawakili na madaktari, kwamba maswali hayo huulizwa kila siku, na akayaandika yote katika mkataba. Uchunguzi ulikuwa wa bure, na malipo ni baada ya kupatikana kitu. Bei ilikuwa mamia ya pauni, tukachangiana ndugu watano. Dada aliusoma mkataba mara mbili, akatia saini mwenyewe.

Wanaofunga diski zao kwa BitLocker au kwa njia nyingine yoyote ya siri wangekuwa na raha zaidi katika jambo hili, kwani fundi aweza kuinakili diski iliyofungwa bila kujua kilichomo. Sharti ni kwamba ule ufunguo mrefu wa tarakimu 48 uwe umeandikwa mahali, na mahali hapo pasiwe ndani ya diski yenyewe. Nimeshaletewa diski mbili za namna hiyo, nzima kabisa, ambazo hazitafunguka mpaka Kiyama.

Na wenye vile vidude vipya visivyo na sahani, vinavyoitwa SSD, wasijione wamesalimika. Havigongi wala havikwaruzi; hufa kimya, aghalabu kwa ghafla. Faili lililofutwa humo mara nyingi huondolewa kabisa na kidude chenyewe baada ya muda mfupi, hata PhotoRec haikuti kitu. Wala havifai kuwekwa kabatini miaka na miaka bila ya kutiwa umeme, kwani hicho kinachoshika maandishi ndani yake ni chaji ya umeme, nayo huvuja pole pole.

Mafundi walikaa na diski yetu siku kumi na tisa. Walibadilisha vichwa, wakainakili. Picha za arusi karibu zote zimepona. Dada ndiye aliyezitazama, nami sina ruhusa ya kuziona, wala sina haja. Katika zile kaseti kumi na nne, kumi na moja zimerudi nzima. Mbili zimepotea kabisa. Fundi aliniambia waziwazi kwamba daftari lilikuwa limeandikwa upya kabla ya kumfikia, na kwamba kazi ingekuwa nyepesi zaidi kama lisingeguswa. Sikumwambia nani aliyeligusa. Nimeshamwambia dada.

Sauti hizo sasa zimo kwa dada, zimo kwangu, zimo kwa ndugu yetu aliyeko Maskati, na zimo katika hifadhi ya intaneti kwa jina la mpwa wangu. Kila mwaka katika mwezi wa Shaaban tutazifungua na kuzisikiliza, maana nakala isiyofunguliwa hujulikani kama ipo.

Imebakia kaseti ya tisa, ya mwaka 1988, iliyorudi nusu. Ndiyo ambayo mama anatutajia nasaba ya upande wa bibi yake, kutoka Unguja kwenda Pemba na kurudi, mtu kwa mtu, nani alimwoa nani. Anafika katika tumbo la tatu, anasema "na huyu ndiye aliyemzaa", kisha panakatika. Ndugu zake wa rika lake wote wameshatangulia, hapana wa kumwuliza.

Lakini wazee wetu wa siku zile wanakumbuka kwamba kaseti ya mtu mmoja ilikuwa ya watu wote. Ikifika London husikilizwa, ikanakiliwa katika redio ya vitufe viwili, ikapelekwa kwa jamaa, na wao wakapeleka kwa wengine, Uarabuni na Marekani. Nakumbuka hiyo ya tisa ilinakiliwa, kwa sababu watu wa ukoo waliitaka. Kwa hiyo naomba: aliye na sanduku la kaseti za zamani darini au chini ya kitanda, alitazame. Mama aliandikiwa nambari kwa wino wa kijani, kwa mkono wa mtoto, na ubavuni pameandikwa "Barua ya 9". Nakala huenda isiwe na nambari, lakini inaanza kwa salamu, kisha kikohozi, kisha "haya, tuanzie kwa Bibi".

Mtakayeipata tafadhali msiipige kwanza. Utepe uliokaa miaka thelathini na zaidi huweza kuwa umenata au umeota ukungu, na mashine itaukata. Mpelekeeni mhariri kama ilivyo, ndani ya mfuko wa karatasi, si wa plastiki, naye atanifikishia.